Nyati Walipita Wapi?

Paukwa!

Mbona mnaitikia kama mmefungwa goli? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Watoto sogeeni mbele, wakubwa nyuma. Na ninyi akina baba mnaojifanya mnatazama pembeni, najua masikio yako huku.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mpira na watu hawajaujua bado, palikuwa na bonde. Bondeni palikuwa na mto. Kando ya mto palikuwa na uwanja, majani mabichi, laini, ungetamani kulala. Na katika uwanja ule ilicheza timu ya bonde, jina lake Ngurumo.

Shabiki akiita, "Ngurumo!" wenzake wanajibu, "Inatisha!"

Ilimtisha nani? Sijui. Ilicheza na Pundamilia, ikafungwa. Ilicheza na Nguruwe, ikafungwa. Siku moja ilicheza yenyewe kwa yenyewe mazoezini, na siku hiyo pia ikatoka imefungwa.

Mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Huyo alikaa mtoni, maji mpaka masikioni. Akisifiwa, yumo, mdomo wazi. Akiulizwa, chubwi! Hayumo. Unabaki unatazama mapovu. Bwi, bwi, bwi.

Msemaji wa timu alikuwa Kasuku. Kasuku alikuwa na jibu moja tu.

"Kasuku, mbona wachezaji wana njaa?"

"Tuko kwenye mchakato!"

"Kasuku, mbona kocha kafukuzwa tena?"

"Tuko kwenye mchakato!"

"Kasuku, mama hajambo?"

"Tuko kwenye mchakato!"

Na makocha je? Aliletwa Twiga, akafukuzwa, eti anatazama mbali mno. Akaletwa Mbuni, akafukuzwa, eti anatazama chini mno. Akaletwa Ngiri. Huyo Ngiri hakujua mpira ni wa kupiga au wa kumenya. Lakini hakufukuzwa. Wanasema dada yake alikuwa anaonekana onekana kule mtoni jioni. Sisemi mimi. Wanasema. Mimi nilikuwa napita tu.

Mashabiki nao, masikini, kila wiki wanaleta chakula cha wachezaji. Viazi vitamu, miwa, maboga. Vinatoka nyumbani vikiwa kikapu tele, vinapitia kwa Mwenyekiti, vinawafikia wachezaji vikiwa maganda. Wanalalamika kweli kweli! Wanalalamika Jumatatu, wanalalamika Jumanne. Jumamosi ikifika wanajipaka rangi, wanarudi uwanjani, "Ngurumo!" "Inatisha!" Basi mimi huwa nasema, shabiki ni kama kidonda cha mguuni, kila siku kinajigonga palepale.

Sasa, alikuwepo Bi Kanga. Shabiki wa kufa na kuzikana. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo nyuma ya goli, kekereke, kekereke, mpaka refa anaziba masikio. Na hapo hapo nyuma ya goli, kwenye majani marefu, ndipo alipotaga. Mama yake alitaga hapo. Bibi yake alitaga hapo. Mwaka ule alikuwa ameatamia, na mayai yamekaribia. Ukitega sikio unasikia ndani, tik, tik, tik.

Lakini wanyama walikuwa na sheria yao. Timu itakayoshika mkia inanyang'anywa uwanja. Anaupata yule aliyeifunga mechi ya mwisho, na anaingia siku hiyo hiyo jua likizama. Ngurumo ilikuwa mkiani. Na mechi ya mwisho ilikuwa na Nyati wa Mlimani.

Kwato za nyati mnazijua. Yai mnalijua. Sina haja ya kuchora.

Bi Kanga akafunika mayai yake kwa majani, akashuka mtoni. Piti, piti, piti.

"Hodi, Mwenyekiti."

"Aa! Bi Kanga! Shabiki wetu namba moja!" Kiboko akapanua mdomo, meno hayo kama mapipa.

"Mwenyekiti, kesho ni Nyati. Na vijana hawajala."

Chubwi!

Mapovu. Bwi, bwi, bwi. Bi Kanga akakaa chini. Akakunja miguu. Akangoja. Samaki, anaweza kukaa huko chini mpaka kesho, lakini Kiboko ana pua. Puuu! Akaibuka.

"Loo, bado upo?"

"Nipo, baba. Mimi ni mwenye kuatamia, kungoja ndiyo kazi yangu. Vijana hawajala."

"Wewe mama unawaza matumbo tu! Tatizo si chakula. Tatizo ni geti."

"Geti limefanyaje?"

"Geti la uwanja limetegwa. Kamati ya ufundi imeona."

Kamati ya ufundi alikuwa Kinyonga. Kamati nzima, yeye peke yake. Msiniulize ufundi gani, mnaofuata mpira mnajua. Alikuwa juu ya tawi hapo mtoni, jicho moja linakwenda huku, jicho moja linakwenda kule.

"Ndiyo," akasema Kinyonga, polepole. "Kuna kitu kimezikwa pale getini. Nimekiona kwa jicho la kushoto."

"Na la kulia limeona nini?"

"La kulia lilikuwa na nzi."

"Basi kesho," akasema Kiboko, "mtu yeyote wa Ngurumo asipite getini. Mchezaji asipite, shabiki asipite. Wote mtaruka ua wa miiba. Tena kinyumenyume."

"Mwenyekiti, kwani viazi vile tulivyo..."

Chubwi!

Asubuhi ikafika. Siku ya mechi. Ngoma zinalia, ndi, ndi, ndi! Vumbi linapanda. Bi Kanga alikuwa ametoka kidogo kunywa maji. Anarudi, anakuta nini? Geti liko wazi, wazi kabisa, mbuzi na mizigo yake angepita. Na timu nzima ya Ngurumo imepanga mstari kwenye ua wa miiba, imegeuza makalio.

Swala, mshambuliaji, anayeruka ua wowote akiwa anatazama mbele, akaruka kinyumenyume. Pacha! Katikati ya miiba. "Uwiii!"

Sungura akaruka. Pacha! "Uwiii!"

Ngedere, golikipa, akaruka. Huyo hakutua kwa miguu. Alitua kwa pale anapokalia. Pacha! Huyo hata hakusema uwi. Alitoa macho tu.

Mashabiki nao wanafuata, kinyumenyume, pacha, pacha, wanachomwa huku wanaimba.

"Chura, shoga yangu, mnafanya nini?" akauliza Bi Kanga.

"Tunashinda!" akasema Chura, amening'inia kwenye mwiba. "Kwani wewe hupandi?"

"Mayai yangu yanapoa. Na mlango uko wazi."

Akapita getini. Piti, piti, piti. Hakupasuka. Hakugeuka jiwe. Akakaa juu ya mayai yake. Lakini juu ya mti, jicho moja la Kinyonga lilimwona.

Refa, Korongo, akapuliza. Prrrii!

Nyati wakaja. Gidi, gidi, gidi. Swala anachechemea. Sungura amesimama anang'oa mwiba. Ngiri kocha anapiga kelele, "Shambulia!" na amewaelekea wachezaji wa Nyati. Mpira ukapigwa golini. Ngedere akainama adake, miiba ikamkumbusha, akainuka wima. Goli!

Ukapigwa tena. Ngedere akajaribu kuruka. "Aii!" Goli!

Goli tena! Goli tena! Wale Nyati wenyewe wakaanza kuona haya. Mpaka Prrrii! Mpira kwisha. Nne bila. Mashabiki wa Nyati wanaimba, "Ngurumo bila mvua! Ngurumo bila mvua!"

Mnadhani mashabiki wa Ngurumo walimfuata Kiboko? Walimfuata. Nawasifu. Siku hiyo alikuwa amekuja kutazama mechi, wakamzunguka katikati ya uwanja, wamefura. Na pale katikati, wanangu, hapakuwa na maji. Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Pa kuzamia hapana.

"Mwenyekiti, uwanja unakwenda!" akapiga kelele Chura. "Utuambie leo!"

"Tuko kwenye mcha..." akaanza Kasuku.

"Nyamaza wewe, nitakunyonyoa!"

Ndipo Kinyonga akakohoa kule juu. "Kuna mtu alipita getini," akasema.

"Nani?" akauliza Kiboko, uso umeng'aa kama aliyeona mto.

"Bi Kanga."

Mungu wangu! Hapo ndipo mlipaswa kuwaona. Hasira yote ile, ya viazi, ya makocha, ya miiba, ikageuka kama upepo, ikamwendea mama mmoja aliyekaa juu ya mayai.

"Msaliti!"

"Katuuza kwa Nyati!"

"Ndiyo maana anajifanya ameatamia!"

"Na afukuzwe uanachama!" akasema Kiboko, sasa sauti imepata kifua. "Tupige kura. Anayetaka Bi Kanga atoke, ainue mkono!"

Mikono ikapanda. Mbawa zikapanda. Na Chura, shoga yake, aliyekula naye, aliyelia naye misibani, naye akainua kamkono kake kadogo, huku anatazama pembeni.

Bi Kanga hakulia. Alikuwa amechoka mno kulia. Akasimama.

"Sawa. Nitatoka. Ila niulize neno moja tu, halafu mnifukuze vizuri. Nyati walipita wapi?"

Mikono ikabaki juu.

"Nimeuliza. Nyati, hao waliowafunga nne. Waliingia uwanjani kwa wapi?"

Sungura akatazama chini. Swala akalamba kidonda.

"Getini," akasema Ngedere, taratibu.

"Wote?"

"Wote, mama. Wanatazama mbele. Niliwaona kwa sababu mimi nilikuwa nimening'inia kwenye miiba."

"Aa, hiyo ni mada nyingine!" akasema Kiboko. "Mkutano uendelee. Mikono juu!"

Lakini mikono ilikuwa imeanza kushuka. Mmoja, mwingine. Na kabla haijashuka yote, ardhi ikatetemeka. Gidi, gidi, gidi. Jua lilikuwa linazama. Nyati walikuwa wanakuja kuchukua uwanja wao.

Tafrani! Ua ule wa miiba ukageuka kuwa mrefu. Huyu anageuza makalio, yule anageuza makalio, maana amri ni amri, geti limetegwa. Wanaogopa geti, wanaogopa miiba, wanaogopa nyati. Wanazunguka kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto.

Mara wakasikia, pwata, pwata, pwata! Kishindo cha mtu mnene anayekimbia. Wakageuka.

Alikuwa Mwenyekiti. Anatazama mbele. Anapita getini.

Hakusita hata kidogo. Hakutema mate kushoto, hakugusa ardhi. Alipita kama mtu anayeingia chumbani kwake. Pwata, pwata, pwata, mpaka mtoni. Chubwi!

Nyuma yake Kinyonga, kamati nzima, akashuka mtini, akapita getini naye, kwa haraka ambayo hatujawahi kumwona nayo tena.

"Ebo!" akasema Chura. "Si amepita getini?"

"Kwani asubuhi," akauliza Swala, "na tumbo lile, aliingilia wapi? Ua mbona haujabonyea?"

Miiba ndiyo iliyojibu, kila mtu kwa mahali pake.

Bi Kanga hakuwa na nafasi ya kuwasikiliza. Mayai yalikuwa yameanza kupasuka. Tik, tik, tak! Kifaranga. Tak! Kifaranga mwingine. Lakini mengine yalikuwa bado, mazima, yanatikisika tu. Na kanga hana mikono. Mwenye miguu anaweza kumfuata. Yai halimfuati mtu.

Nahodha wa Nyati akasimama mbele yake. "Bi mkubwa, samahani," akasema. "Sheria ni sheria. Wenzangu wanaingia."

"Najua, mwanangu. Nipe kidogo tu."

"Wakianza kukimbia siwezi kuwazuia. Nikisema ninaweza nitakuwa nakudanganya."

Bi Kanga akatazama vifaranga. Akatazama mayai. Akasimama, akakaa, akasimama.

Ndipo akaja Ngedere. Anatembea miguu upande upande kwa ajili ya miiba ile. Akainama. Iliuma, alikunja uso, lakini safari hii hakuinuka. Akaokota yai, akaliweka kifuani. Akaokota lingine. Na lingine. Mpaka kiota kikawa kitupu.

"Mama," akasema, "leo sijadaka kitu. Hebu nidake haya."

Bi Kanga akatangulia. Piti, piti, piti. Vifaranga nyuma yake. Ngedere nyuma ya vifaranga, anahema, mikono imekumbatia. Wakapita getini. Na nyuma yao Swala, Sungura, na mashabiki wote, vichwa chini, wanatazama mbele. Chura alikuwa wa mwisho. Kale kamkono alikoinua alikuwa amekaficha nyuma.

Nyuma yao kwato zikaingia uwanjani. Gidi, gidi, gidi. Majani yale marefu yakalala chini.

Hakuna yai lililovunjika. Yaliangulika yote, upande wa mawe, kule Ngurumo inakocheza mpaka leo. Kiboko alibaki mtoni. Alitangaza mkutano, akatangaza mwingine, hakwenda mtu. Viazi vitamu sasa vinakwenda moja kwa moja kwa wachezaji.

Mnataka kujua kama wanashinda? Hata! Wanafungwa. Mbili, tatu. Lakini wanafungwa wameshiba, na wanaingilia mlangoni.

Basi shikeni hili, wakubwa na wadogo. Kiongozi akikukataza mlango, usimtazame mdomo. Mtazame miguu, uone yeye anapita wapi. Na ukiwa na hasira, chungulia kwanza kabla hujampiga nayo jirani yako, maana aliyekukosea anapenda sana ukosee mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Haya, mkalale. Mlango ule pale, uko wazi.