Pua ya Gari la Maziwa

Mvua haifukuzwi, huonyeshwa njia. Methali hiyo mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkacheka, mkaja kuniuliza ni nani aliyewahi kufukuza mvua. Kaeni basi. Watu walijaribu kweli, na chanzo cha maneno haya ni hiki.

Huko Rungwe, masika yakiingia hayana haraka ya kuondoka. Katika kijiji kimoja cha mlimani, akina mama wafugaji walikuwa na pikapu yao kuukuu ya kupelekea maziwa kiwandani. Dereva alikuwa Ambakisye, mtu mpole aliyezoea kumbebea kila mama dumu lake hadi garini. Pikapu ile ilichemka kila ilipopanda mlima. Fundi mmoja wa mjini akatoboa boneti, akabandika juu yake pua ya bati iliyotazama mbele, ivute upepo uipoze injini. Kiangazi chote gari likapanda bila shida.

Masika yakaja. Pua ile ile ikanywa mvua, maji yakalowesha nyaya na plagi, injini ikazimika mlimani na maziwa yakachacha. Ambakisye akaiziba pua kwa gunia. Maji hayakuingia, lakini upepo nao haukuingia. Injini ikachemka, maziwa yakachacha tena. Kiwanda kikatuma neno: yakifika yameharibika mara ya tatu, maziwa ya kijiji hiki hatupokei tena.

Neno hilo lilimchoma Subilaga. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na ng'ombe huyo ndiye aliyewavika wanawe sare za shule. Lakini Subilaga alikuwa pia fundi bati. Mifereji ya paa kijijini, karibu yote, ilitoka mikononi mwake. Akamfuata Ambakisye akiwa na mkasi wake wa bati.

"Fungua boneti, kaka."

"Dada, hili ni gari, si banda la kuku."

"Banda langu la kuku halivuji. Gari lako linavuja. Fungua."

Akapima, akakata, akatengeneza sinia lenye kingo ndefu, akalifunga chini ya pua. Mbele akatoboa tundu, akachomeka mpira wa kuteremsha maji mpaka chini, katikati ya magurudumu.

"Hewa itaruka ukingo iifikie injini," alimweleza. "Maji ni mazito, hayajui kuruka. Yatabaki humu, yatafute tundu."

Majirani wakamwaga ndoo tatu puani, gari likiwa limesimama uwanjani. Injini ikanguruma vilevile. Vigelegele!

Mchana ule mvua ikanyesha, wakaenda kulijaribu mlimani bila maziwa. Nusu ya mlima, injini ikakohoa, ikazimika. Subilaga alifungua boneti, akaona maji yamejaa nyuma ya sinia na kumwagikia nyaya, na tundu la mbele likiwa kavu kabisa. Alisimama mvuani, akaligusa tundu lile kavu kwa kidole.

Ambakisye angeweza kumcheka. Badala yake alivua koti lake, akamvika mabegani.

"Dada Subilaga, maisha yako yote umefunga mifereji kwenye nyumba. Nyumba gani ilishawahi kupanda mlima?"

Subilaga akageuka kumtazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika boneti asianguke.

"Basi ndiyo kosa langu! Gari likipanda, maji yanakimbilia nyuma. Likishuka, yanakimbilia mbele. Linataka matundu mawili."

Jioni ile akatoboa tundu la pili nyuma ya sinia, akalichomekea mpira wake.

Asubuhi mbingu zilifunguka, mvua ikamwagika. Akina mama walileta madumu, kila mmoja akiligusa lake kabla ya kuliachia. Subilaga akakaa mbele na Ambakisye. Mlimani mvua ilikuwa nzito hata barabara ikawa haionekani vizuri. Injini haikukohoa. Subilaga akatoa kichwa dirishani, akaona maji yakichuruzika chini ya gari kama kutoka kwenye mfereji wa paa alioufunga mwenyewe.

Kiwandani, mpokeaji alipima maziwa, akapima tena. Mazima. Akawatazama walivyolowa.

"Mama, mvua yote hii mmeifukuzaje?"

Subilaga akajinyoosha, koti la watu likiwa bado mabegani.

"Nani awezaye kuifukuza, baba? Tulipoizuia, ilitushinda. Safari hii tumeionyesha njia."

Ambakisye alirudi na maneno hayo, akayasimulia kila alipoteremsha dumu tupu, na kila mara alitaja jina la aliyeyasema. Akina mama wakayapokea kwa fahari, maana aliyeyasema alikuwa mwenzao.

Kwa hiyo wajukuu zangu, shida ambayo huna nguvu ya kuizuia isije, itafutie pa kupitia. Na ukikosea tundu mara ya kwanza, toboa la pili. Mvua haifukuzwi, huonyeshwa njia.