Kicheko cha Mama Fisi na Yai Viza

Paukwa!

Pakawa!

Sikusikia. Hata nyinyi wa nyuma mnaotafuna mihogo, jibuni! Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa na kesi waliisikiliza penye jiwe la chumvi. Hapo walikuja kulamba wote, mla nyama na mla majani, na hapo hakuna aliyemgusa mwenziwe. Ndiyo ilikuwa mila.

Asubuhi moja Kanga akapiga kelele. Keke-keke-keke! "Mayai yangu! Yameliwa! Limebaki moja tu, nalo ni viza!"

Wa kwanza kufika alikuwa Nguchiro. "Fisi huyo! Nani mwingine? Nimemwona kwa macho yangu akiyabugia!"

Ah, likishatajwa jina la Fisi, nani anauliza zaidi? Hata nyinyi mmeshamhukumu, nawaona nyuso zenu! Wanyama wakatoka, tifu-tifu-tifu, wakamkuta Mama Fisi pangoni akinyonyesha. Wakamburuta. Wanawe wakabaki wakilia.

Na adhabu ya mla mayai ilikuwa kuvushwa mto, asirudi tena. Mtoto mchanga wa fisi akikosa mama, yatakayompata mnayajua.

Penye jiwe la chumvi, Hakimu Twiga akainamisha shingo. "Mama Fisi, unashtakiwa kula mayai ya Kanga. Umeyala, hukuyala?"

Mama Fisi akafungua kinywa ajibu. Kikatoka kicheko. Hi-hi-hi-hiii!

Lo! Wanyama wakaruka juu. "Anacheka! Amekiri! Avushwe! Avushwe!"

Nungunungu akasimama, miiba ikilia chaka-chaka-chaka. "Mheshimiwa, mimi namtetea. Ni jirani yangu, pango letu moja. Fisi akiogopa hucheka, ndivyo alivyoumbwa. Juzi radi ilipopiga, huyu alicheka mpaka sikupata usingizi!"

"Anatetea mwizi!" Nguchiro akapaza sauti. "Kama hakula, basi athibitishe!"

Twiga akainua shingo, juu, juu kabisa, akawatazama wote. "Hapana! Anayeshtaki ndiye anayethibitisha. Mshtakiwa ana haki ya kunyamaza, na kimya chake si hatia, wala kicheko chake si hatia. Mpaka ithibitike, huyu hana kosa. Nguchiro, leta ushahidi."

"Kila mtu anajua fisi ni mlafi!"

"Sikukuuliza wanachojua watu. Nimekuuliza ulichoona wewe."



Nungunungu akamgeukia Kanga. "Dada, maganda ya mayai uliyaonaje?"

"Yametapakaa chini ya jiwe, karibu na kiota."

"Maganda! Fisi anasaga mfupa wa nyati akaumeza. Tangu lini akabakiza ganda la yai? Haya, Nguchiro, wewe si uliona? Tuonyeshe Fisi alivyoyapasua." Akamkabidhi lile yai viza, Kanga alikuja nalo.

Jamani, mazoea yana tabu! Nguchiro kulishika tu yai, akasahau yuko wapi. Akaligeuzia jiwe la chumvi mgongo. Akainama. Akalirusha yai nyuma, kati ya miguu yake. Pwaa!

Uvundo! Nyati akapiga chafya, Pundamilia akakimbia akarudi. Kisha macho yote yakamgeukia Nguchiro. Mbugani nani asiyejua? Ni ukoo wa nguchiro peke yao wanaopasua yai hivyo.

"Ni yeye!" Kanga akalia. "Amewala wanangu!"

Mila ikasahaulika hapo hapo. Pembe zikashuka, kwato zikapiga vumbi. "Mpondeni! Huyu hana cha kusikilizwa!" Nguchiro akajikunja chini.

Nani akajitupa katikati? Mama Fisi! Machozi yanamtoka, na kinywa kinacheka, hi-hi-hiii! "Mwacheni! Naye aulizwe! Naye atetewe! Jirani yangu Nungunungu, msimamie."

"Mimi? Nimtetee huyu aliyetaka wanao wafe?"

"Huyu huyu. Nina hasira naye, tena sana. Lakini kesho jina langu likitajwa tena, nitakimbilia wapi, kama leo mmelivunja baraza hili kwa ajili yangu?"

Pembe zikapanda juu, moja moja. Nungunungu akaguna, akaenda kusimama kando ya Nguchiro.

"Kesi ya Nguchiro itasikilizwa kesho," akasema Twiga. "Mama Fisi, huna hatia. Nenda ukanyonyeshe."

Alikwenda? Alitoka mbio, tifu-tifu-tifu! Na wanawe pangoni walipomsikia anakuja akicheka, wakanyamaza kulia.

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: jina baya si ushahidi. Na haki ni ya yule usiyempenda pia. Ukimnyima yeye leo, kesho utaitafuta wewe usiione.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mliokuwa mmeziba pua, sasa vuteni pumzi.