Ndoo za Sikudhani

"Amkatizaye jirani hubeba ndoo." Mmecheka, eti jirani na ndoo wapi na wapi. Haya, wekeni simu chini, na asinidakie mtu maneno. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa kisiwani Gozo, huku ughaibuni, kabla ninyi hamjazaliwa.

Alikuwapo mwanamke wa Muheza akiitwa Sikudhani. Mumewe, Hemedi, alipata kazi ya upishi hotelini, naye akamfuata. Wakapanga nyumba ya mawe yenye kiwanja nyuma, ngazi ishirini na mbili kwenda chini. Mwaka wa pili mama yake Sikudhani akafariki, na mazishi hakuyawahi. Kilichomfikia ni kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mbegu za kunde ambazo mama alizitunza maisha yake yote. Shamba la mama lilikuwa limekwisha kuuzwa, kwa hiyo kunde hizo hazikuwapo tena mahali pengine popote. Na fukusi walishaanza kuzitoboa. Sikudhani akaona zikikaa zitakwisha, akazipanda zote mwezi wa Aprili, matuta manne pale kiwanjani, kama wafanyavyo kwao masika yakianza.

Masika! Gozo ina masika? Mvua ilinyesha siku mbili, ikaaga. Bustanini hapakuwa na bomba, basi kila asubuhi na kila jioni Sikudhani alijaza ndoo bafuni, akapita nazo sebuleni, akashuka ngazi zote zile, akapanda tena. Mgongo ukamuuma. Sebule ikawa dimbwi, Hemedi akateleza mara mbili na kununa wiki nzima. Na kunde zikazidi kunyong'onyea.

Kilichomuudhi kuliko jua ni jirani. Mzee Karmenu, mkulima wa nyanya, alikuwa akisimama upande wa pili wa ukuta, akizitazama ndoo na kutikisa kichwa. Kisha huonyesha kwa kidole mfuniko wa jiwe uliokuwa katikati ya kiwanja, na kwa Kiingereza chake cha kuungaunga huanza, "Mama, fungua pale, unyweshe..."

"Hapana! Asante!"

Kwao Muheza, mfuniko nyuma ya nyumba ni kitu kimoja tu: shimo la choo. Siku ya kwanza alipouona aliufunika kwa gunia na kupanga vyungu vya maua juu yake. Sasa mzee mzima, hana haya, anataka kunde za marehemu zinyweshwe uchafu!

"Labda huku ndivyo wanavyolima," alisema Hemedi.

"Basi nenda ukale kwake!"

Mei ikapita, Juni ikapita. Karmenu aliyaanza maneno yale yale mara ngapi sijui, hakuyamaliza hata mara moja. Kufika Julai matuta matatu yalikuwa yamekauka kabisa, limebaki moja. Ndipo asubuhi moja maji ya bomba yakakatika kijiji kizima, na mafundi wakasema siku tatu. Sikudhani akakaa kwenye ngazi na ndoo tupu, akalia kwa sauti. Alizililia kunde, akamlilia mama.

Karmenu akasikia kilio. Safari hii hakusimama ukutani. Aliingia kwa mlango wa bustani bila hodi, na kamba na kindoo mkononi, akaviondoa vyungu, akalitupa gunia, akaanza kuusukuma mfuniko.

"Mzee, koma! Toka kwangu! Naita polisi!" Sikudhani alipiga kelele, pua kaiziba kwa upindo wa kanga.

Mzee akafunua, akatumbukiza kindoo, akakivuta kimejaa, akainama akanywa.

"Mama yangu weee! Hemedi, njoo, mzee wa watu anakufa!"

Hakufa. Alijifuta masharubu, akamsogezea kindoo. Maji yalikuwa meupe, ya baridi, hayana harufu yoyote.

"Mvua," alisema. "Majira ya baridi inanyesha juu ya paa, inateremka humu. Kila nyumba hapa ina kisima chake."

"Na ulikuwa unanitazama tu? Mbona hukuniambia?"

"Tangu Aprili nakwambia! Uliniacha nimalize?"

Miezi mitatu ya ngazi, na matuta matatu ya mama yamekufa hatua tano kutoka kwenye maji. Sikudhani akajipiga paja. "Mjinga mimi! Mjinga wa kutupwa!"

Wakanywesha pamoja, yeye na mzee, siku ile na siku zilizofuata. Tuta lile moja likapona kwa taabu. Septemba alipopukuchua, kunde zenyewe hazikujaza kikombe cha chai. Hakupika hata punje moja. Alimpelekea Karmenu kumi, na mzee akaanza kueleza zitakaa vipi kwenye udongo wa Gozo. Sikudhani akafungua mdomo amsahihishe, kunde za mama yake jamani! Akauziba kwa kiganja. Mzee alizungumza nusu saa nzima, naye akamsikiliza mpaka mwisho.

Kunde mlizokula mchana huu, wanangu, zimetoka katika kikombe kile. Matuta matatu hayakurudi. Ndiyo maana kila mgeni kutoka kwetu aliyeshuka kisiwani hapa, Sikudhani alimkaribisha chai, akamwambia: amkatizaye jirani hubeba ndoo.