Simba Waliogeuzwa Ndani

Sogeeni, niwasimulie. Siku moja walikuwapo Mwanaheri, binti yake mchanga Shali, zimwi, na simba wawili wa udongo mlangoni, kazi ya mfinyanzi Mchina: dume wa kulinda nyumba, na jike wa kulinda watoto, aliyekumbatia kitoto chake cha udongo.

Mfinyanzi alisema watazame nje. Mvua ilipowapiga machoni, Mwanaheri aliwahurumia, akawageuza ndani.

Zimwi likaja, likampita dume. Likampita jike. Likamfikia mama.

"Walinzi wako wamenipa mgongo, dada. Nipe mtoto."

Mwanaheri alikuwa amechoka hata hofu haikumjia. "Ngoja amalize kunyonya," akasema.

Jike, kwa kuwa alitazama ndani, aliona yote. Akakiachia kitoto chake, akakisukuma mbele ya zimwi. Likaridhika, likakibeba, likaondoka.

Shali aliolewa Pangani, akazaa watoto wanne.