Sikio Lililoyeyuka Kwenye Picha

Leo ni Jumapili ya vijana na tumepewa dakika kumi. Sitazimaliza. Nina mfano mmoja tu, halafu nikae. Wale wa nyuma mnaweza kuweka simu chini, haiumi.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyeanza kusahau. Alianza na vitu vidogo: kofia ameiweka wapi, leo ni siku gani. Mwishowe akasahau njia ya nyumbani. Asubuhi moja alitoka kununua chumvi, na hiyo chumvi haikufika.

Sasa, mzee mwenyewe hakuwa mtu wa kupotea kirahisi. Sikio lake la kushoto lilikosa kipande. Ng'ombe alilichana na pembe zamani. Meno ya mbele yalikuwa yameenda. Tena alikuwa na tabia iliyowaudhi watoto wake: alipenda kuvaa sweta ya shule ya mjukuu, ile ya maruni, mikono inaishia kwenye viwiko. Ukimwona mara moja, my friend, humsahau.

Binti yake mkubwa, mama wa heshima zake, mwenyekiti wa kamati hii na ile, akaenda kwa jamaa wa cyber na picha kwenye simu. Ndiyo picha pekee ya karibuni waliyokuwa nayo. Mzee anacheka, mdomo wazi, sikio ni lile, sweta ni ile.

"Nataka bango la kumtafuta baba," akasema. "Lakini kijana, aki usimweke hivi. Watu watasema hatumtunzi. Huwezi kumtengeneza kidogo?"

"Madam, naweza kumfanya akae kama amechorwa na rangi ya maji. Very classy. Watu wa harusi wanaipenda sana."

"Na hilo sikio?"

"Litayeyuka. Rangi ya maji haishiki vitu vidogo."

"Na sweta?"

"Hiyo itakuwa wingu."

Na jamaa alijua kazi yake, tusimseme vibaya. Akailainisha picha mpaka makunyanzi yakaisha. Akapunguza rangi, akabakiza zile chache kubwa. Akaziacha zitiririke nje ya mistari, kama za brashi iliyolowa kupita kiasi. Halafu juu ya yote akatandaza ule ukwaruzo wa karatasi nene, kompyuta ikaapa kwamba hii kitu ilichorwa kwa mkono. Mzee akatokea mdomo umefungwa vizuri, nywele kama moshi, mabega yanaishia kwenye ukungu wa waridi. Neno "Amepotea" likawekwa chini kabisa, dogo, lisije likaharibu picha. Binti akaliangalia bango, machozi yakamtoka.

"Huyu ndiye baba," akasema.

Ndiye?

Mabango yakabandikwa mji mzima. Mnajua watu walifanya nini? Walisimama, wakatikisa vichwa, wakapita. Kwa sababu niambieni ukweli: huku kwetu, picha nzuri namna hiyo tunamtengenezea nani? Akiwa hai tunampiga picha na kidole kiko kwenye kamera. Uzuri wote tunauweka akiba ya mazishi. Basi simu zikaanza kuingia kwa binti.

"Pole sana, dada. Tunazika lini?"

"Hajafa! Amepotea!"

"Sawa, dada. Jipe moyo. Hata mimi wa kwangu alipoenda nilisema hivyo hivyo."

Mzee alikuwa na kitinda mimba pia, kijana aliyesoma sana na hana kazi. Kwa hivyo kwenye vikao vya familia alikuwa wa kupanga viti. Huyo hakumwuliza mtu. Aliichukua ile picha ya kwanza jinsi ilivyokuwa, akaitupa kwenye kila group ya mji ule, na maneno haya: "Huyu ndiye baba yetu. Sikio limekatika, meno ya mbele hana, sweta ni ya mtoto. Ukimwona, piga."

Dada yake akampigia akiwa moto. "Futa hiyo kitu sasa hivi! Unatuaibisha!"

"Dada, tunatafuta baba ama tunatafuta sifa?"

Kabla hajajibiwa, simu nyingine ikaingia. Ilikuwa ya mama mmoja anayechoma mahindi kando ya soko.

"Huyu wa sweta? Huyu si ako hapa kwangu! Kila siku namchagulia mahindi laini, ya mtu hana meno."

"Mama, na bango letu limebandikwa hapo kwa ukuta, nyuma ya jiko lako!"

"Lile la marehemu?"

Alipopashwa habari, binti mkubwa alifika sokoni wa kwanza, kiatu kimoja kimekatika. Akamkuta baba yake mbele ya lile bango, kofia mkononi, kichwa kimeinama. Mzee akamtazama kama unavyomtazama mgeni mwenye sura ya upole.

"Karibu, mama," akamwambia. "Tumwombee huyu mzee."

Binti akanyoosha mkono alichane lile bango. Mzee akamshika kiganja, taratibu.

"Liache hapo, mama. Watu wake wanamtafuta."

Wapendwa, sisi tunabandika nini? Tunasimama hapa kwa ushuhuda, mume analala kwingine, lakini "familia iko sawa, Mungu ni mwema." Kijana amekaa nyumbani na degree yake chini ya godoro, mama akiulizwa anasema "ako na mipango." Mipango gani? Halafu tunamalizia, "mtuombee." Tuwaombee kina nani? Wale wa kwenye picha? Wale hawana shida!

Mungu hajachanganyikiwa. Lile sikio analijua, alikuwepo ng'ombe akilichana. Wasioweza kutuona ni hawa tunaokaa nao benchi moja. Wangetubeba, lakini tumewaonyesha wingu. Na yule tuliyemlainisha kwa sababu tunamwonea aibu, ataiangalia picha yetu mpaka siku moja amwombee huyo mtu kama mgeni, asijue ni yeye anayetafutwa.

Najua hapa ndipo mhubiri huwaambia mgeuke mmwambie jirani neno fulani. Mimi sina neno. Mgeukie tu. Mwangalie sikio.