Korongo na Siku Kumi Hivi

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma mmejibu kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakinywa maji ya bwawa moja, mvua ilikatika. Kila asubuhi Korongo aliingia majini, akatazama yanamfika wapi mguuni. Mwezi ulipoandama yalikuwa juu ya goti. Sasa yalikuwa chini ya goti. Hakuwa na kipimo kingine, wala hakukihitaji.

Kiboko, mkubwa wa bwawa, akaita baraza. "Maji yatakwisha lini?"

"Kama siku kumi hivi," akasema Korongo. "Labda kumi na mbili."

Kiboko akakunja uso. "Kama, hivi, labda. Mimi sitaki kubabaishwa."

Nungunungu akajitokeza, kifua mbele. Alikuwa ameyapima maji kibuyu kwa kibuyu na kuigawa hesabu yake kwa wanywaji wote. "Siku ishirini na tatu, mkubwa wangu."

Baraza zima likashusha pumzi. Mjuzi wa watu alisahau kwamba jua nalo linakunywa.

"Umesikia?" Kiboko akamwambia Korongo. "Ondoka bwawani kwangu, wewe na makadirio yako."

Korongo aliumia, lakini hakutetereka. Akaenda kwa Bi Kadzo, mama wa pacha waliokuwa ndio kwanza wanatambaa. Mto ulikuwa mwendo wa siku mbili, pengine tatu, na pacha wale wasingefika bila maji ya njiani.

"Dada, jaza mitungi leo, uhame."

"Una hakika ni siku kumi?"

"Sina."

"Sasa nihame kwa neno la kubahatisha?"

"Sibahatishi, dada. Nimeingia majini kila siku, nimeona yanavyoshuka. Siku yenyewe siijui. Najua tu kwamba ishirini hazifiki."

Bi Kadzo akawatazama wanawe. Akajaza mitungi, akambeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Korongo akatangulia, wakaenda, wakaenda, wakaenda. Siku ya tatu wakafika mtoni, na pacha wakanywa mpaka wakalala.

Siku ya kumi na moja Korongo akaruka kurudi bwawani. Alikuta tope. Nungunungu alikuwa angali anahesabu vibuyu, na Kiboko ngozi ilikuwa imeanza kumpasuka.

"Mto uko mbali kiasi gani?" Kiboko akauliza kwa sauti ndogo. "Niambie hasa."

"Hasa sijui. Siku mbili, pengine tatu. Maji yapo, nimeyanywa mwenyewe. Ukitaka nikuhesabie hatua nitahesabu, ila nikirudi utakuwa umekaukia hapa."

Kiboko akanyanyuka taratibu. "Tangulia," akasema, na bwawa zima likafuata.

Walifika siku ya ngapi? Wapo walionisimulia ya tatu, wapo walionisimulia ya nne. Kwamba walifika wote, hilo hawabishani. Na hapo ndipo hadithi yangu inapoishia.