Jiwe Mkononi mwa Mbaruku

Walao sinia moja hawafichani jiwe. Mmeisikia leo ikisemwa, mkaona watu wazima wameinamisha vichwa, mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga. Waliokuwapo siku ilipozaliwa bado wana meno yao, isipokuwa mmoja, na sababu mtaijua. Kaeni, niwaeleze ilivyokuwa.

Hospitali ndogo za milimani na bondeni huku kwetu zilikuwa zikitumia programu moja ya kompyuta kutunza habari za wagonjwa. Programu hiyo haikuwa na mwenyewe. Aliyeitaka aliichukua bure, akaifungua, akaona ilivyotengenezwa ndani. Akiona pa kurekebisha alirekebisha, kisha akairudisha kwa wenzake ili wote wafaidi. Mafundi wake walikutana kila mwaka katika hospitali mojawapo, wakala pamoja.

Mbaruku Shechambo alikuwa fundi wa hospitali ya Kwamlinga. Hakusomea kompyuta chuoni. Alianza na kutengeneza redio, mengine akajifundisha polepole. Yeye ndiye aliyetunga kile kipande cha programu kilichopiga hesabu ya dawa ya mtoto kwa uzito wake. Nesi aliandika uzito, kompyuta ikamwambia kipimo. Hospitali zote zilikichukua, na jina la Mbaruku likakaa juu yake. Mama yake, ambaye hata kompyuta hakuijua, hilo alilijua, na majirani zake pia.

Siku moja nesi wa Kwamlinga akamwita. Mtoto mnene, anayekimbia, alikuwa ameandikiwa kipimo cha kichanga. Mbaruku akachungulia ndani ya programu, akaliona kosa. Kipande chake kilikuwa kikishikilia uzito wa kwanza aliowahi kuandikishwa mtoto, hata akirudi amekua. Akarekebisha palepale katika kompyuta ya Kwamlinga, akamwambia nesi kwamba mashine ilikuwa imezubaa kidogo.

Lililobaki lilikuwa kuwapelekea wenzake marekebisho. Lakini marekebisho hayapelekwi bila kueleza kosa, na maelezo hayo husomwa na wote. Aliandika, akafuta. Akajiambia kwamba manesi wa kwingine nao wana macho. Akajiambia atayachanganya na mambo mengine madogo, yapite bila kutazamwa. Mfungo wa Ramadhani ukaingia, ukaisha, naye hajapeleka.

Baada ya Idi mafundi wakakutana katika hospitali ya Kwehoza. Mwenyeji wao alikuwa Bi Tunu Mhando, nesi aliyeitunza pia programu ya pale. Kabla ya chakula aliwapitisha wodini. Kwenye kitanda cha mwisho alikaa mama mmoja na binti yake mdogo; binti amepauka midomo, macho yamezama. Tunu akawaeleza kwamba ni malaria. Anapewa dawa, homa inashuka, siku chache inarudi, na damu inazidi kupungua. Daktari ameona dawa imeshindwa. Kesho wangempeleka mkoani, kama angefika.

Mbaruku alisimama nyuma ya wenzake. Alijua. Akawa anatafuta namna ya kumvuta Tunu pembeni na kumwambia jambo litakalomponya mtoto bila kumtaja yeye. Kabla hajaipata, wakaitwa kula.

Sinia la wali likawekwa mkekani, wakalizunguka. Hawajafika mbali, Mbaruku akauma jiwe. Akafanya kama alivyolelewa, asimtahayarishe aliyepika: akalitoa kimya, akalifumba mkononi, akaendelea kutafuna. Punde Mzee Hoza, fundi aliyekaa ubavuni pake, akapiga kite na kushika shavu. Alipotema kiganjani, palikuwa na jiwe na kipande cha jino.

"Hilo jino, mzee, lilikuwa linatafuta sababu tu," mmoja akamtania.

Tunu hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa Mbaruku uliofumbwa. "Kaka Mbaruku, umeshika nini?"

Akaufungua.

"Wewe uliuma kabla yake?"

"Niliuma, dada. Nikaona nikusitiri."

"Aibu ilikuwa yangu, ningeibeba," Tunu akasema taratibu. "Lakini jino ni la Mzee Hoza. Ungesema, tungeacha kula tukachambua. Walao sinia moja hawafichani jiwe, kaka."

Wenzake walidhani ataomba radhi, yaishe. Mbaruku akakitazama kile kijiwe.

"Yule mtoto wa kitanda cha mwisho," akasema, "dawa haijashindwa. Anapimiwa kwa uzito aliozaliwa nao. Kosa ni langu, na nimelijua tangu kabla ya mfungo."

Tunu aliinuka bila kunawa, akaenda wodini mbio. Wali ukapoa pale pale.

Siku ileile Mbaruku aliwaandikia wote, na safari hii hakufuta. Majibu yakaja moja moja, na kwingine nako walikuwa na watoto wa namna hiyo. Akayasoma yote, hata yale ambayo angependa asiyasome. Hakurudi Kwamlinga mpaka binti wa Kwehoza alipopata kipimo chake na homa ikashuka isirudi.

Mama wa mtoto akasikia kwamba fundi wa Kwamlinga ndiye aliyegundua. Akamfuata na mayai aliyoyafunga katika kitambaa, akamwombea heri. Mbaruku hakunyoosha mkono. Akamweleza ukweli, bila kupunguza.

"Uliyajua haya lini, baba?" mama akauliza.

"Kabla ya mfungo."

"Mimi mfungo wote nimefuturia pale kitandani."

Hakumtukana. Aliyaweka mayai chini, si karibu naye wala si mbali, akamgeuzia mgongo, akambeba mtoto wake, akaenda zake.

Mafundi wale wangali wanakutana, na sinia ni lile lile. Mbaruku naye huja. Kila anapopeleka marekebisho kwa wenzake, kabla ya jina lake hutanguliza neno la Tunu. Ndilo mlilolisikia leo, na aliyelisema akiwa ameinama kuliko wote ni yeye: walao sinia moja hawafichani jiwe.